Mkanyaga Pamba Aliyeshindwa Kuchutama

Wajukuu zangu wa timu ya mpira, juzi niliwacheka na sijaomba msamaha, na leo pia siombi. Mlirudi mazoezini baada ya likizo ndefu ya kula na kulala. Mkaruka, mkachutama na kuinuka, mkakimbilia kile kilima cha nyuma ya soko la Kasongo, na jioni ile mkarudi nyumbani mnaimba. Kesho yake nyimbo zikapungua. Kesho kutwa nikawaona mnashuka ngazi za kanisa kinyumenyume, mmeshikana mabega. Kipa wenu, mtoto wa jirani yangu, alikaribishwa kigoda kwangu akakizunguka mara mbili bila kukikalia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana amerogwa.

Hakurogwa na mtu. Hayo ni mapaja. Mimi nayajua mapaja kuliko ninavyojua Katekisimu, kwa sababu nilikuwa mkanyaga pamba katika depo ya Lusangi wakati wa Wabelgiji, na kila mwaka nilianza upya kama nyinyi. Basi kaeni, wale mnaoweza kukaa. Wengine sikilizeni mkiwa mmesimama.

Kazi yenyewe hamkuiona, kwa hiyo nitaieleza kwanza. Wakati ule kila mwanamume wa kijijini alipimiwa shamba la pamba, apende asipende. Muniteri wa kilimo alipita kukagua, na mwenye shamba lenye majani alionja kiboko. Mama yangu alikuwa akisema kwamba pamba ni mmea wa kwanza aliouona ambao hauliwi mizizi, hauliwi majani, na bado unamla mkulima. Ilipokomaa, watu waliileta depo kwa vikapu vichwani. Ilikuwa tele lakini imejaa hewa, na lori la kuipeleka Kasongo lilikuwa moja. Hewa ile ilibidi itolewe, na waliotoa hewa ni sisi.

Gunia refu kuliko mtu lilitundikwa kwenye fremu ya miti, mdomo wake wazi juu. Mkanyagaji aliingia humo pekupeku. Wenzake walimmwagia pamba kichwani, naye akakanyaga. Ukianza uko chini kabisa, huoni kitu isipokuwa kipande cha paa. Pamba ikishikana unapanda nayo, kichwa kinatokea, halafu mabega, halafu kiuno, na mwisho unasimama juu ya gunia lililojaa, umefunikwa vumbi hadi kope. Ndipo unaruka chini, mdomo wa gunia unashonwa, na lingine linatundikwa.

Msisahau kutoka kabla ya kushona. Mnacheka, lakini kuna mwenzetu mmoja mfupi alisinzia humo adhuhuri, na mshonaji alikuwa amefika nusu ya mdomo aliposikia gunia linapiga chafya.

Kukanyaga si kurukaruka, hilo nilifundishwa na Mzee Ramazani. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini Kasongo, mwembamba, mwenye kanzu moja ya Ijumaa na kaptula moja ya siku nyingine zote, na ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi wakanyagaji. Unachutama nusu, unasukuma kwa kisigino, unageuka kidogo, unachutama tena. Unaanza pembeni, unamalizia katikati. Mwenye haraka huanza katikati, pamba ikakimbilia pembeni, na gunia likatoka na tumbo. Kabla ya yote unajaza zile pembe mbili za chini kwa mkono na kuzifunga kamba kwa nje, ziwe masikio ya kushikia wapakiaji. Gunia lisilo na masikio lilipotupwa kwenye lori, wapakiaji walimtaja mama wa aliyelikanyaga.

Halafu alikuja kapita, msimamizi wetu, na kidole chake. Alikitumbukiza kwenye ubavu wa gunia. Kikikwama kwenye ukucha, umepona. Kikizama mpaka kiungo cha pili, gunia zima linamwagwa chini na unaanza tena, wenzako wakikuimbia. Wakati mmoja Mzee Ramazani aliweka kipande cha ubao ndani, pale pale kapita alipopenda kuchoma kidole. Kapita alizunguka na kidole kimefungwa kitambaa juma zima, na hakusema kwa nini.

Sasa tuje kwenye maumivu. Mzee Ramazani alikuwa na sheria kwa wanaorudi baada ya miezi ya mapumziko. Siku ya kwanza unakanyaga gunia moja, la pili unalikanyaga nusu, kisha unatoka na kumwaga vikapu. Siku ya pili vivyo hivyo. Nguvu unaziongeza kidogo kidogo juma zima, na mwisho wa juma unakuwa mtu wa pamba tena.

"Siku ya kwanza miguu haitakwambia kitu," alituambia. "Miguu iko na adabu, inangoja mugeni akwende kulala. Kesho ndiyo inaanza kusema, na kesho kutwa inafanya mukutano."

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, nilikuwa nimemaliza miezi ya mvua hapa Kasongo kwa shangazi yangu, ambaye aliamini kwamba kijana mwembamba ni aibu ya ukoo. Nilikula ugali na samaki wa Lualaba, nikalala, nikaamka kula tena. Niliporudi Lusangi, kaptula yangu ya kazi ilikataa kufunga kifungo. Nilikuwa na nguvu za mdomo tu.

Tena nilikuwa na sababu ya kujionyesha, na jina lake ni Feza. Msimu uliotangulia alikuja depo na mama yake kuleta pamba, kutoka kijiji kimoja upande wa Kabambare. Alipanda kwenye jukwaa na kikapu, akachungulia ndani ya gunia langu, akaniona huko chini, mweupe kwa vumbi, macho tu.

"Ee, weye wa ndani," akasema, "uko mutu ao panya?"

Kabla sijajibu alinimwagia kikapu kizima kichwani. Nilipofukua uso wangu alikuwa ameshaondoka. Vijana, mimi nilipenda hapo hapo, na pamba puani. Nilimtuma baba mdogo Kitenge kwenda kuulizia kwao, na baba yake Feza, Mzee Lubunga, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kijana aje mwenyewe msimu wa pamba ukifunguliwa tena, amwone anavyosalimia.

Hilo neno la mwisho lina uzito kwetu, lisikilizeni vizuri. Kwa watu wetu wa zamani, kijana anayeposa hasalimii wakwe akiwa wima. Akiingia uani anachutama, anapiga makofi mawili ya taratibu, anabaki hapo chini macho ardhini mpaka baba wa binti aseme "inuka". Baba mwenye roho nzuri anasema mapema. Baba mwingine kwanza anamaliza kuvuta tumbaku yake. Ndivyo alivyopimwa mtu, kama ana heshima na kama ana subira.

Basi siku ya kufungua pamba, Feza huyo, kikapu kichwani. Nikaingia guniani na sikutoka. Nilikanyaga gunia la kwanza, la pili, la tatu. Niliruka hadi fremu ikalia. Kila kichwa changu kilipotokea juu ya mdomo wa gunia nilitazama kama anatazama. Alikuwa anatazama, na mara moja alicheka, nami kwa kicheko kile nikaongeza gunia la nne.

Mzee Ramazani alikuja akasimama chini yangu. "Kalonda, shuka. Mapaja yako iko na mafuta ya shangazi."

"Muzee, mimi sichoki!"

"Sijasema kuchoka," akajibu, na akaenda zake.

Jioni ile nilitembea kijijini kifua mbele. Siku ya pili niliamka na kitu kama kamba zilizokazwa mbele ya mapaja, nikasema ni baridi. Siku ya tatu, nilipotaka kuinuka kitandani, miguu ilikataa. Nilijiviringisha hadi nikaanguka chini, nikapanda ukuta kwa mikono. Choo cha kambi yetu kilikuwa shimo, na shimo linataka mtu achutame. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba nilining'inia kwenye nguzo ya mlango kwa mikono miwili, nikiwaita watakatifu mmoja mmoja kwa majina, na foleni nje ikaitikia "utuombee".

Nilipotoka hapo, nani kasimama mbele yangu? Baba mdogo Kitenge, amevaa koti.

"Jiandae, tunakwenda kwa wakwe leo."

"Leo? Baba mdogo, tungoje Jumapili."

"Jumapili iko ya mutu mwingine. Kuna komi wa ofisi ya Kabambare, naye anamutaka Feza. Iko na kinga na viatu. Muzee Lubunga amesema leo atawaona wote wawili, na leo leo atatoa neno. Asiyefika, ameacha."

Kinga ni baiskeli, kwa nyinyi mliozaliwa kwenye pikipiki, na komi ni karani. Nilijishika ukutani. Wino, viatu, baiskeli, na mimi hata kuchutama chooni siwezi. Niliogopa, na sina haya kulisema. Kama ningeshindwa siku ile, Feza angekwenda Kabambare, nami ningebaki ndani ya magunia nikimwagiwa pamba na watu wengine.

Kulikuwa pia na kapita: mtu akikosa kazini bila ruhusa, alipeleka jina lake kwa Wazungu. Mzee Ramazani alinisikiliza, akacheka hadi akakohoa, kisha akasema niende. Alitundika magunia mawili bega kwa bega. Kapita alipopita na kugonga gunia langu kwa fimbo, "Kalonda, uko humu?", Mzee Ramazani aliyekuwa ndani ya gunia la pili alijibu kwa sauti nyembamba, "Niko, kapita!" Kisha akaimba kwa sauti yake mwenyewe, akajiitikia kwa ile yangu, na kila kapita alipogeuka akaruka gunia hili kwenda lile. Mtu wa umri ule alikanyaga siku nzima kwa miguu ya watu wawili. Na hakuumwa kesho yake, kwa sababu yeye alikuwa ameanza msimu polepole.

Kabla sijaondoka alinipa maneno matatu. "Usikae njiani, hata ukiitwa na mufalme. Mahali pa kushuka, shuka upandeupande. Na ukifika, usiwafiche maumivu yako. Sema."

La kuteremka nililifuata. Njiani baba mdogo Kitenge alikutana na rafiki yake mwenye kibuyu cha tembo, na heshima ya tembo ni kukaa. Tulikaa. Kidogo tu, lakini miguu iliyokuwa imeanza kulegea kwa kutembea ikaganda upya, na waliniinua wawili kwa kunishika makwapa. Hapo ndipo nikapata akili ya kijinga kuliko zote za maisha yangu.

"Baba mdogo," nikasema, "nitawaambia kwamba mapadri wametufundisha kusalimia tukiwa wima. Wataona nimesoma."

Baba mdogo alitafakari, tembo ikimsaidia. "Mawazo iko mazuri," akasema.

Tuliingia uani kwa Mzee Lubunga jua likiwa limepita utosini. Alikuwa mtu mpana, ameketi kwenye kiti kifupi, mapaja yake kama vinu viwili. Mama mkwe alikuwa mlangoni na wanawake wengine. Nyuma ya ukuta wa jiko niliona kitambaa cha Feza, na chini ya kitambaa jicho moja. Baba mdogo alichutama, makofi mawili. Mimi nilisimama wima, nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa.

Kuku mmoja alipita kati yetu, hata yeye alionekana kuharakisha.

"Kijana," akasema Mzee Lubunga, "iko mutu alikufa kwenu, mwenye kufundisha watoto heshima?"

"Hapana, baba. Mapadri wanatufundisha kusalimia hivi. Mbele ya Mungu wote tuko sawa." Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe, na nikasikia baba mdogo anameza mate.

Mzee Lubunga alinitazama usoni, halafu akanitazama miguuni, macho yake yakabaki huko miguuni muda mrefu. Uso wake ukawa mpole.

"Ah! Mutu wa mapadri! Basi Mungu ametuletea baraka. Mama watoto, ita wote. Huyu kijana atatusomea Baba Yetu." Akainuka kwenye kiti chake, akashuka chini kwa wepesi wa paka. "Na mu nyumba hii tunasali na magoti."

Wakapiga magoti wote, wanawake, watoto, baba mdogo, hata jirani aliyekuja kuomba moto. Nikabaki mimi peke yangu nimesimama katikati ya watu waliopiga magoti, kama kwamba mimi ndiye ninayeabudiwa. Nikaanza kushuka. Nilifika robo, mapaja yakashika moto. Nilifika nusu, na hapo hapakuwa na kurudi wala kuendelea. Nikaachia. Magoti yaligonga ardhi, na kinywa changu, badala ya "Baba yetu uliye mbinguni", kikatoa:

"Mamaaa yangu!"

"Amina," wakaitikia wote.

Nyuma ya ukuta wa jiko mtu alicheka hadi sufuria ikaanguka. Vumbi la pamba lilikuwa limeniingia macho tangu asubuhi, kwa hiyo macho yangu yalitoa maji kidogo. Nilisoma sala hadi mwisho. Wengine wakainuka, mimi nikabaki pale pale, kwa sababu njia ya kurudi juu sikuijua.

Mzee Lubunga alikuja akainama, akaweka kidole gumba juu ya paja langu, akabonyeza. Nikaruka nikiwa bado nimepiga magoti.

"Pamba?" akauliza.

"Pamba, baba."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Magunia mangapi siku ya kwanza?"

Nikamwambia. Akapiga mluzi. Kisha akarudi kwenye kiti chake, na alipozungumza sauti yake ilikuwa nyingine. Alisema yeye alibeba tipoi miaka mingi, kile kiti cha miti walichobebewa Wazungu mabegani mwa watu. Mvua zikiisha, mkubwa mmoja aliyenenepa ofisini aliamka ghafla na safari, na wabebaji waliokuwa mashambani kwao miezi yote walikamatwa na kuambiwa wabebe leo leo, milima kwa milima. Siku ya tatu miguu yao wote wanne ilikufa katikati ya kijito, wakamwacha mkubwa akae majini na kofia yake. Walichapwa. "Lakini alilowana," Mzee Lubunga akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Mimi nikatabasamu, nikidhani nimepona. Akafunga mdomo.

"Miguu nimekusamehe. Mutu haumwi hivi kama si mutu wa kazi. Bongo sijakusamehe. Ungelisema, 'Baba, miguu inaniuma,' ningelikuletea kiti. Sasa utabaki mu kiwanja hiki. Kila mutu atakayeingia, mukubwa, mutoto, utamusalimia kwa kuchutama, mupaka chini, na utainuka peke yako. Na kila mutu utamuambia kweli, juu ya nini unaumwa. Jua likienda, nitatoa neno." Bongo, kwa nyinyi wa Kiswahili cha shule, ni uongo.

Sikujua kijiji kina watu wengi namna ile. Feza alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, na mimi nawaambia wazi kwamba ndiye aliyewaita. Walikuja wazee, walikuja wanawake na vinu vyao, walikuja watoto mara mbili mbili. Nilishuka nimeshika fimbo, nikapiga makofi, nikasema: "Naumwa mapaja kwa sababu nilitaka binti wa nyumba hii anione shujaa." Wakacheka, nikainuka. Mara kumi za kwanza nilitamani kufa. Baada ya hapo niliweza bila fimbo. Baadaye kidogo mwili ukapata joto, jasho likashuka, na nilianza kuchutama hadi chini kabisa huku nikiongea.

Ndipo kengele ya baiskeli ikalia. Komi aliingia. Suruali yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi, mstari wake ungeweza kukata nyanya. Alimtazama Mzee Lubunga, akaitazama ardhi yenye vumbi na mavi ya kuku, akaitazama suruali yake. Akakunja goti kidogo sana, kidogo tu, akashika kofia.

"Bonzuru, baba."

Mimi, kwa kuwa yeye naye alikuwa mtu aliyeingia, nilichutama mbele yake mpaka chini, nikapiga makofi mawili, nikamwambia ukweli wangu wa mapaja na wa binti. Alirudi nyuma hatua moja. Nikainuka peke yangu, na sikushika kitu.

Mzee Lubunga hakungoja jua liende. Alimgeukia mkewe, akanyoosha kidole kwangu, kisha kwa komi.

"Mama watoto, umeona? Huyu hakuweza. Yule hakutaka."

Halafu akaita nyuma ya ukuta wa jiko, "Feza, weye unasema nini?" Kwa sababu baba yule, pamoja na ukali wake, aliuliza.

Feza alitoka na kigoda mkononi. Alipita mbele ya komi, akakiweka nyuma yangu.

"Panya akae," akasema.

Nilirudi Lusangi kesho yake, ninatembea kama mtu. Nilipomsimulia Mzee Ramazani adhabu niliyopewa, alikanyaga pamba yake, halafu kichwa kikatokea juu ya gunia. "Adhabu? Baba mukwe wako amekutibu. Sisi wote wa miguu tunajua dawa hiyo. Maumivu ya kazi inatolewa na kazi ile ile, kidogo kidogo, bila haraka." Sikuwa nimefikiria hivyo. Miaka baadaye nilimuuliza Mzee Lubunga kama ni kweli, akasema hapana, alitaka kunicheka tu. Mpaka leo sijui nimwamini nani.

Baadaye ililetwa mashine ya kukandamiza pamba, ya chuma, ina mkono mrefu wa kuzungusha. Wazungu walipiga picha nayo. Mzee Ramazani aliizunguka akaipapasa miguu yake ya chuma, akasema, "Hii haitaumwa kesho, kwa hiyo haitajua kuanza polepole." Siku ya kwanza waliilazimisha, na kabla ya juma kuisha mkono ulikatika. Tuliitwa tena guniani hadi kipuri kifike. Lakini kipuri kilifika, na miguu yetu haikuhitajika tena.

Basi kipa, na wenzako, chukueni haya. Kama miguu yote miwili inauma sawasawa, na imeanza kesho yake, hiyo ni kazi inaongea, haitakuua. Usilale nayo siku nzima, tembea nayo. Oga maji ya moto. Kuchutama kwako kuwe kudogo leo, kesho kuongezeke. Lakini kama ni mahali pamoja panapochoma, au goti limevimba, au umesikia kitu kimekatika, hayo si ya mzee wa pamba, nenda zahanati. Na mkirudi tena mwakani baada ya likizo, anzeni na gunia moja na nusu. Hamtanisikiliza, najua, maana uwanjani kuna wasichana wanaotazama.

Nimemaliza kuandika haya ya kuwasomea, nikamsomea Feza kwanza hadi mwisho. Alikuwa anachambua maharagwe, macho yake hayaoni vizuri lakini masikio yake ni ya kapita. Hakucheka pale nilipotegemea.

"Rudi mu pahali pa sala," akasema. "Umeandika vumbi la pamba. Pamba gani? Ulikuwa umeoga, ulikuwa na shati safi. Miye nilikuwa na jicho mu ukuta."

Nikamwambia ni mambo ya zamani, vijana hayawahusu.

"Baba alikuambia nini juu ya bongo?"

Basi, vijana, nasahihisha. Halikuwa vumbi. Nililia, na sikulia kwa sababu ya mapaja. Nilipiga magoti pale mbele ya watu wote nikamsikia anacheka nyuma ya ukuta, nikadhani nimempoteza.

Feza amesema sasa ni sawa, naweza kuinuka.